Mwani Ukigeuka Mweupe au Kukoma Kukua: Kutafuta Chanzo Shambani

Mwani hauna dawa ya kunyunyizia. Mkulima ana mambo manne tu anayoweza kuyabadilisha: mahali, kina, wakati wa kupanda na mbegu, yaani vipande vya mwani vinavyofungwa kwenye kamba. Kwa hiyo kazi kubwa ni kujua ni lipi kati ya hayo limekosewa. Kamba zikihamishwa kwa sababu isiyo yenyewe, nguvu za mwezi mzima hupotea na tatizo hubaki palepale.

Maelezo haya yanahusu aina mbili zinazolimwa Unguja, Pemba, Tanga, Lindi, Mtwara na Kwale: spinosum (Eucheuma denticulatum) na kotonii (Kappaphycus alvarezii). Kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Aina zote mbili hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30, chumvi ikiwa sehemu 30 hadi 35 kwa elfu, maji yakitembea na jua likifika. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini ndiyo inayotangulia kufa joto likizidi. Mkulima anayeona spinosum yake imesimama huku kotonii ya jirani imeoza asidhani shamba lake liko salama. Amepewa onyo tu.

Kwanza pima

Jicho hudanganya, hasa kwa mtu anayeuona mwani wake kila bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana. Chagua miche kumi kwenye kamba tofauti, mingine karibu na ufukwe na mingine upande wa maji makubwa. Ifunge kitambaa cha rangi, ikung'ute maji, ipime. Rudi baada ya siku 14 uipime tena.

Mche wa gramu 100 uliofika 200 umekua kwa karibu asilimia 5 kwa siku, na huo ni ukuaji mzuri sana. Uliofika 150 umekua kwa asilimia 3 hivi, unatosha. Ukikuta 130 au chini ya hapo, ukuaji uko chini ya asilimia 2 na kuna tatizo, hata kama mwani unang'aa na hauna doa. Ukikuta uzito umepungua huku matawi yaliyobaki ni mazima, tafuta mlaji au mawimbi.

Pamoja na mizani, nunua kipimajoto cha maji. Ni kitu cha bei ndogo, na bila hicho sehemu kubwa ya yanayofuata inabaki kubahatisha. Kikundi kinachoweza kuchanga kinunue pia refraktomita ya kupimia chumvi. Moja inatosha kijiji kizima.

Weupe

Wengi wakiona weupe husema mwani umeugua. Lakini weupe una vyanzo visivyopungua vinne, na kila kimoja kina tiba yake. Kabla ya kuamua, shika sehemu nyeupe na uibonyeze kwa vidole viwili.

Ikibonyea, ikawa laini na yenye utelezi, na tawi likakatikia hapohapo, basi ni ule ugonjwa unaojulikana duniani kama aisi-aisi. Ikiwa ngumu na nyeupe kwa juu tu kama iliyoparwa, hiyo imeliwa na samaki. Ikiwa kavu, nyembamba na yenye kuvunjika kama karatasi, imeungua kwa kukaa nje ya maji. Na ikiwa mche mzima umepauka, haukuoza, rangi yake imekuwa ya njano au ya waridi iliyofifia, basi umepungukiwa na kitu: chakula, mwanga au chumvi.

Aisi-aisi yenyewe haianzi na vijidudu. Majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mwani uliowekwa kwenye nyuzi 33 hadi 35, au kwenye chumvi ya sehemu 20 kwa elfu kushuka chini, au kwenye mwanga hafifu mno, hupauka na kudhoofika wenyewe. Bakteria, wakiwemo wa jamii ya Vibrio, huongezeka juu ya tawi lililokwisha dhoofika na kumalizia kazi. Wapo majini siku zote. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "ugonjwa umetoka wapi?" bali "maji yangu yalifanya nini wiki iliyopita?"

Kama ni joto

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo hasara kubwa ya pwani yetu inapotokea.

Angalia kalenda ya maji. Upande wa Unguja, bamvua hukauka sana kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Maji mafu, ya siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, ndiyo yanayopwa alfajiri au alasiri. Maana yake ni kwamba siku za maji kutoka zaidi, yale machache yanayobaki juu ya mchanga hukutana na jua kali kuanzia asubuhi hadi karibu na adhuhuri, kabla maji mapya ya bahari hayajaingia. Kwenye tambarare ya mchanga iliyozungukwa na miamba, maji hayo husimama, na joto lake linaweza kupita nyuzi 35. Nje ya mwamba, wakati huohuo, bahari iko 29 au 30.

Sasa ongeza msimu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji yote huwa ya moto na upepo wake ni mwepesi. Na Machi ina bamvua kubwa kuliko za miezi mingine, sawa na Septemba. Septemba bado kuna ubaridi wa kusi, Machi hakuna. Bamvua ya Machi ndiyo mtihani mkubwa wa mwaka kwa shamba la maji mafupi, na anayepanda kotonii mwezi Februari kwenye tambarare hiyo anapanda hasara.

Dalili za joto ni hizi. Weupe hutokea shamba zima kwa pamoja, siku tatu hadi saba baada ya bamvua. Huanzia katikati ya matawi na kwenye ncha, popote. Mashamba yaliyo kwenye vidimbwi vya ndani huumia kuliko yaliyo karibu na mlango wa maji. Ili kuthibitisha, pima joto siku ya bamvua saa tano, saa sita na saa saba, ukikizamisha kipimajoto sawasawa na kina cha mwani wenyewe na kukikinga na jua. Ukipata zaidi ya 33 kwa siku kadhaa mfululizo, umepata jibu.

Kushusha kamba karibu na mchanga hakusaidii kama maji yote ni ya moto kutoka juu mpaka chini. Wengi hufanya hivyo, halafu mwani unasuguliwa na mchanga na kuwa chakula cha viumbe wa chini. Kinachosaidia ni kusogeza kamba mahali ambapo maji yanaendelea kutembea hata yakipwa: pembeni mwa mkondo, karibu na mlango wa mwamba, au mahali penye angalau nusu mita ya maji wakati wa bamvua. Maji yanayotembea husaidia mara mbili, kwa sababu huleta ubaridi na huondoa utando wa maji yaliyotulia unaoufunika mwani na kuuzuia kupata chakula.

Mwani ulioanza kuoza ukatwe kwenye nyama nzima, chini ya sehemu nyeupe, na vipande vyeupe vipelekwe nchi kavu. Usiviache vielee shambani. Ikiwa karibu theluthi ya miche imeguswa, vuna yote yenye uzima uanike, hata kama haijatimiza wiki sita. Mwani mchanga hutoa karajinani (ule ute ambao viwanda huununulia mwani) iliyo dhaifu na bei yake hushuka, lakini ukisubiri wiki moja zaidi utavuna kamba tupu.

Kama ni kukauka

Hili huchanganywa na joto, ila lina alama yake. Miche huungua upande wa juu tu. Tena, kwenye kamba moja, miche iliyo karibu na vigingi huwa imeungua zaidi kuliko ya katikati, kwa kuwa kamba hulegea katikati na kushuka ndani ya maji wakati ncha zake zimeinuliwa na vigingi. Hapo kushusha kamba kunatosha. Iache kati ya sentimita 20 na 30 juu ya mchanga, na vigingi vipigwe upya kwa kufuata alama ya maji ya bamvua ya chini kabisa. Kosa la kawaida ni kuvipima siku ya maji mafu kwa sababu ndiyo siku mtu alipata nafasi.

Kama ni mvua

Masika ikianza, maji baridi ya mvua na ya vijito huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa hiyo mwani wa kamba zinazoelea huumia kabla ya ule wa vigingini, na mashamba yaliyo karibu na mdomo wa mto au mkoko huumia kabla ya mengine. Matawi hupauka, yakawa laini kuanzia juu, na ukiyashika hutoa maji ya rangi. Hatari kubwa zaidi ni mvua kubwa kunyesha maji yakiwa yamekauka, kwani hapo mvua inauosha mwani wenyewe bila chumvi yoyote.

Pima chumvi mara mbili: kijuujuu, na kwenye kina cha mwani. Juu ikiwa 18 na chini 31, zamisha kamba zinazoelea kwa kuongeza uzito na kupunguza vielea. Zote mbili zikiwa chini ya 24 kwa siku kadhaa, mahali hapo hapafai kulimwa masika, na hakuna kazi ya mikono itakayopabadilisha. Ondoa mbegu uzipeleke mbali na mto, kisha rudi mvua zikikatika.

Mvua huleta pia tope. Mwani wenye vumbi la kijivu juu ya matawi unanyimwa mwanga na chakula kwa pamoja. Tikisa kamba kila unapoingia shambani, na ukiona vumbi limerudi siku mbili baadaye, tatizo ni mkondo dhaifu. Wanaong'oa nyasi za baharini ili kupata nafasi ya kamba hujitengenezea tope wenyewe, kwa sababu nyasi hizo ndizo zinazoshika mchanga. Ziacheni.

Vinyweleo, vipele na utando

Vidoa vyeusi vidogo vinavyogeuka vipele, kila kipele kikiwa na unywele mmoja au zaidi, ni mwani mwingine mdogo wa jamii ya Neosiphonia uliojipandikiza. Mizizi yake huingia ndani ya ngozi ya tawi, ndiyo maana kusugua hakuuondoi. Kusugua huvunja unywele tu na kuacha kidonda ambamo bakteria huingia. Mara nyingi hutokea majira yanapobadilika, joto na chumvi vikipanda au kushuka kwa haraka. Vuna miche yenye vipele, uianike mbali na maji, na usikate mbegu hata moja kutoka kwake. Mbegu yenye vipele vinne leo inakuwa shamba lenye vinyweleo baada ya mwezi.

Majani ya kijani kama nyuzi au karatasi laini ni tofauti. Hayo hushika juujuu na hutoka kwa mkono. Yakiwa mengi ujue maji yamesimama au kuna uchafu unaoingia kutoka nchi kavu.

Utando mweusi au wa kahawia wenye utelezi, kama nywele zilizosokotana, una hatari kwa mtu. Aina ya Lyngbya hutoa sumu inayowasha ngozi na kuchoma macho. Vaa glovu na mikono mirefu, usijifute uso, na ukitoka jioshe kwa maji baridi mengi. Watoto wasiingie shambani siku hizo.

Si kila uvimbe ni ugonjwa. Viuvimbe vya duara, vigumu, vya rangi ileile ya tawi na visivyo na unywele vinaweza kuwa vifuko vya uzazi vya mwani wenyewe. Mche huo ni mzima.

Hakuna dalili, ila haukui

Ukuaji ukiwa chini ya asilimia 2 na hakuna weupe wala vipele, kuna washukiwa wawili wakubwa: maji au mbegu. Huwezi kuwatenganisha kwa kutazama. Omba mbegu kutoka shamba linalostawi kijiji kingine, zikague mojamoja, kisha kwenye kamba ileile funga moja yako na moja ya wageni kwa kupokezana, zote za gramu 100, sentimita 20 hadi 25 kati yake. Baada ya siku 14 pima. Zote zikikua polepole, maji ndiyo tatizo. Zako peke yake zikibaki nyuma, mbegu imechoka.

Kuhusu kuchoka kwa mbegu, ni lazima kueleza jinsi mwani huu unavyozaliwa. Kelpi, ile miani mikubwa ya kahawia ya bahari za baridi, huzaa kwa spora, yaani chembe ndogo za uzazi. Spora huota na kuwa vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vya kiume na vya kike, na hivi havikomai kutoa mayai na mbegu za kiume bila maji ya ubaridi unaostahili na mwanga wa bluu. Bahari ikipata joto, kelpi iliyokomaa yaweza kusimama bado huku kizazi kinachofuata kimeshakatika. Spinosum na kotonii nazo zina spora, lakini shambani hatuzitumii. Tunakata tawi na kulifunga. Mwani unaofungwa leo ni kipande cha mche uleule uliokatwa mamia ya mara, na hauna damu mpya ya kuupa uwezo wa kuvumilia joto la sasa. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Zanzibar kuna miani ya jamii hizi yenye asili ya Afrika Mashariki pamoja na ile ya kutoka Asia, na ile ya Asia ndiyo iliyotawala mashambani. Miani ya asili ni hazina ambayo vituo vya utafiti vinapaswa kuifanyia kazi, na vikundi vinapaswa kuidai.

Kwa mkulima, uchovu wa mbegu mara nyingi hutokana na tabia moja: kuvuna miche iliyonenepa na kupanda mabaki. Ukifanya hivyo kila mwezi na nusu, unachagua walio dhaifu mara nane kwa mwaka. Igeuze. Kabla ya kuvuna chochote, pita shambani utie alama miche mizuri kuliko yote, na hiyo ndiyo itoe mbegu. Chukua matawi ya ncha, machanga, yenye machipukizi mengi, kutoka kwenye mche wa wiki tatu hadi nne. Kata kwa kisu kikali. Ukivunja kwa mkono unaacha jeraha pana. Gramu 100 zinatosha, na 50 ni kidogo mno mahali penye tasi, samaki anayekula mwani.

Mbegu zisafirishwe alfajiri au jioni, kwenye kivuli, chini ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Maji ya bomba huziua. Mfuko wa plastiki uliofungwa juani huzipika ndani ya saa moja. Mbegu za kijiji kingine zikae kwenye kamba yao peke yake, mbali na shamba, kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

Mwani unapotea

Tazama kwenye fundo. Kikibaki kipande laini cheupe, ulioza. Kikibaki kipande kigumu chenye rangi, ulikatwa na mawimbi au na kasa. Pasipobaki kitu na fundo likiwa zima, fundo lilikuwa legevu. Na kipande kikiwa kimebanwa hadi kuacha mfereji kwenye shina, fundo lilikuwa kali mno; mwani uliponenepa ulijikata wenyewe. Kitanzi kiache nafasi ya kidole kimoja.

Kasa hukata miche mingi kwa mstari, katika usiku mmoja au miwili. Tasi, anayeitwa tafi upande wa Kenya, hung'ata ncha zote kwa usawa, na vifaranga vyake hupara ngozi tu. Viumbe wa mviringo wenye miiba mifupi, Tripneustes gratilla, hukaa juu ya tawi lenyewe na utawakuta mchana, waokote uwahamishe. Kasa analindwa na sheria Tanzania na Kenya, na dawa yake ni kusogeza kamba mbali na nyasi anazokula. Tasi huwa wengi karibu na matumbawe na nyasi. Mbegu za gramu 150 hustahimili kuliko ndogo, na dema zilizotegwa pembezoni mwa shamba hupunguza idadi yao na kuleta kitoweo.

Kusi likivuma, maji hupoa na ukuaji huwa mzuri, ila mche mzito hukatika. Msimu huo vuna mapema kidogo, wiki ya tano au ya sita, badala ya kusubiri unenepe zaidi.

Kabla ya kuhama

Kwa sehemu nyingi za maji mafupi, jibu la joto litakuwa kwenda kwenye kina cha mita mbili hadi sita kwa kamba zinazoelea, au kwa nyavu zenye umbo la bomba zilizojaribiwa Zanzibar, ambazo hushika matawi yasipotee yakikatika. Njia hizo zinahitaji nanga, vielea, chombo na watu wanaojua kuogelea. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea, kwa hiyo mradi wowote unaogawa kamba bila mafunzo ya kuogelea na maboya ya kuvaa umeacha jambo la kwanza.

Usihamishe shamba zima kwa mara moja. Peleka kamba mbili, moja ya spinosum na moja ya kotonii, na upime kila siku 14 mpaka zimepita bamvua ya Machi na masika. Sehemu iliyostawi Julai bado haijaonyesha lolote.